Mbona Umeniambia Mwisho?

Nimelala mara mbili, nimeamka mara mbili. Afadhali niandike.

Mnaukumbuka ule mpira mwepesi unaoelea juu ya kipuliza hewa, ule niliowachosha nao tangu mwezi wa pili? Jumanne tuliupeleka kwenye ukumbi wetu wa maonyesho ya sayansi kwa majaribio: mbao hazijapakwa rangi, feni imefungwa kwa waya, maelezo nimeyachapa kwenye karatasi. Maneno 48. Nilibishana na Bosi wiki mbili juu ya maneno hayo, maana kila mtu hukimbilia kumtaja mwanasayansi Bernoulli na kanuni yake ya shinikizo la hewa, ilhali mpira ukisogea pembeni huipinda hewa kuelekea nje, na hewa nayo huusukuma urudi. Nilishinda. Nikajiona fundi kweli.

Karakana yetu ina dirisha kubwa la kuangalia ukumbini. Tuliiga Exploratorium, jumba la maonyesho ya sayansi la San Francisco, ile aliyoifungua Frank Oppenheimer mwaka 1969, ambako wageni huwaona mafundi wakiwa kazini. Kabinti ka miaka minane hivi kakaja kakagonga kioo.

“Anti, wewe ndiye umeandika pale?”

“Ndiyo, mwanangu. Umeelewa?”

“Mbona umeniambia mwisho?”

Basi, kakaondoka. Wala hakakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma. Mstari wangu wa kwanza kabisa ulisema: “Inamisha bomba uone mpira usivyoanguka.” Usivyoanguka! Miezi minne ya kazi, na mshangao wote nimeumaliza mwenyewe kwa neno moja.

 

Jana asubuhi nikachukua selotepu, nikaziba kila kitu, nikaacha “Inamisha” peke yake. Nikajibanza karakana na daftari langu. Mvulana mmoja akainamisha bomba, akaruka nyuma kakinga kichwa. Mpira umetulia hewani. Akageuka kutafuta wa kumwonyesha, akakutana na macho yangu kiooni, akaninyooshea kidole kana kwamba nimemtapeli. Nilicheka mpaka fundi umeme akauliza kama niko salama. Habari za hewa nimezihamishia upande wa nyuma, kwa atakayezitafuta.

Natamani kale kabinti karudi. Huwa hawarudi.

Mama hajapokea simu tangu mchana. Dada anasema amelala tu. Mama huyuhuyu, alale saa kumi na mbili jioni?