Bendi moja, kikosi kila mwaka kipya

Jana niko Mwaloni Kirumba nasubiri gunia la dagaa la mama lipakiwe, eafoni masikioni, jamaa wa mkokoteni akaniuliza kaka unasikiliza nini mbona kichwa kinatikisika hivyo, nikampa sikio moja. Akasikiliza kama nusu dakika akanirudishia, "huyu anayeimba si anaumwa?" 😂

Ni Death bwana, bendi ya death metal (magitaa mazito, mwimbaji anaunguruma) ya Florida kule Marekani. Chuck Schuldiner, mwimbaji na mpiga gitaa wake, aliianzisha 1983 ana miaka 16 tu, mwanzoni ikiitwa Mantas, na mpaka 1998 ametoa albamu saba na hakuna mbili zenye kikosi kile kile. Sisi tuliokulia kwenye dansi tumezoea wanamuziki kuhamahama ila hii ilizidi, maana 1990 Chuck mwenyewe aligoma kwenda ziara ya Ulaya na wenzake wakaenda bila yeye! Yaani mwenye bendi kabaki nyumbani.

Basi akasuka upya, akawachukua Paul Masvidal wa gitaa na Sean Reinert wa drams kutoka bendi ya Cynic, besi akampa Steve DiGiorgio, 1991 ikatoka albamu ya Human. Kwangu mimi hapo ndipo walipofika kileleni, drams za Reinert zina kasi lakini kila pigo unalisikia, gitaa linapinda pale usipotegemea. Baadaye kwenye drams akaja Gene Hoglan, naye si mchezo.

Chuck alifariki Desemba 2001, uvimbe kwenye ubongo, miaka 34 tu.

Jamaa wa mkokoteni wakati tunaagana akaniomba jina la wimbo, eti amtishe nao mke wake.