Jinsi nilivyoacha fungu kwenye wosia bila kuanika ugonjwa wa mdogo wangu

Mdogo wangu aliugua miezi 11. Katika muda wote huo aliniomba jambo moja ambalo halikuhusu maumivu: watu wasijue anaumwa nini. Nikamwahidi. Walioniuliza niliwajibu kwamba anaendelea na matibabu, basi. Hata hapa ugonjwa wenyewe sitautaja.

Wiki sita za mwisho tulihudumiwa nyumbani na shirika la tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu mtu mwenye ugonjwa mzito. Muuguzi wake bado namwona akilini. Alikuwa akifika anasugua viganja mpaka vipate joto ndipo amguse mgonjwa, kisha anakagua kile kipampu kilichokuwa kikimsukumia dawa ya maumivu chini ya ngozi, sindano yake nyembamba imebanwa kwa plasta kifuani. Akimaliza humwambia, "Haya kaka, simu yangu haizimwi." Na kweli haikuzimwa. Nilimpigia saa tisa usiku, akapokea mlio wa pili. Hatukudaiwa chochote. Nilipouliza nani anabeba gharama, niliambiwa ni michango ya watu, na mafungu ambayo wengine wameyaandika kwenye wosia zao kabla hawajafariki.

Baada ya msiba nikatuma mchango wangu wa kwanza kwa kujaza fomu kwenye tovuti yao. Palikuwa na nafasi ya kuandika mchango ni kwa kumbukumbu ya nani. Nikaandika jina la mdogo wangu, machozi yakinitoka. Chini kabisa palikuwa na kisanduku kidogo cha kuweka alama kama hutaki jina litajwe. Sikukiona.

Miezi kadhaa baadaye kijitabu chao cha mwaka kilitoka, karatasi za kung'aa, majina ya wachangiaji yamepangwa safu tatu chini ya kila mradi. Jina langu lilikuwa safu ya katikati. Chini yake, kwa herufi za mlazo, jina la mdogo wangu. Na juu ya kundi zima jina la mradi, ambalo ndani yake mna jina la ugonjwa. Siku nne hazikupita, binamu yetu akanipigia: "Dada, kumbe ndicho kilichomwondoa?"

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Siri aliyoificha miezi 11 akiwa hai, mimi niliyemwahidi ndiye niliyeitoa, tena kwa kutoa sadaka.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ambayo sikuwahi kuifikiria. Ukichangia shule au maktaba, jina lako linasema tu kwamba unathamini elimu. Ukichangia huduma ya afya, hasa ya ugonjwa fulani, jina lako linaweza kusema nani aliugua, aliugua nini, na alitibiwa wapi. Faragha ya mchangiaji inafunika faragha ya mgonjwa, na mgonjwa mara nyingi hana tena nafasi ya kujisemea.

Shirika liliomba radhi. Toleo la mtandaoni walilirekebisha siku hiyohiyo, lakini nakala zilizochapwa zilikuwa zimeshasambaa. Ndugu wawili walinishauri niachane nao. Sikuweza. Kosa la ofisi halikufuta usiku ule muuguzi alipopokea simu yangu. Nilitaka bado kuwaachia fungu katika mali yangu, ila safari hii nilitaka nijue kila mahali jina litakapopita.

Nilianza kwa kusoma. Mwaka 1993 vyama vya wachangishaji fedha vya Marekani vilitoa hati ya haki za mchangiaji yenye vipengele kumi. Kimoja kinasema taarifa za mchango zishughulikiwe kwa heshima na kwa usiri kadiri sheria inavyoruhusu. Kingine kinampa mchangiaji nafasi ya kufutwa kwenye orodha ambazo shirika linakusudia kuwapa wengine. Hati hiyo si sheria, lakini nilipoichapa na kwenda nayo kwenye mazungumzo ilinipa maneno ya kusimamia. Kwa upande wa sheria, Umoja wa Ulaya una kanuni za ulinzi wa taarifa binafsi zilizoanza kutumika Mei 2018, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la kulindwa zaidi. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Marekani nako, chini ya HIPAA, sheria yao ya faragha ya taarifa za afya, hospitali inaruhusiwa kutumia baadhi ya taarifa za mgonjwa kumwomba mchango, ikiwemo idara aliyotibiwa, ila kila ombi lazima limpe njia ya kujitoa. Hilo la idara lilinishtua, maana jina la idara peke yake linatosha kutaja ugonjwa.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa kisa cha Uingereza. Mwishoni mwa 2016 na Aprili 2017, mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya huko ilitoza faini mashirika 13 ya misaada. Baadhi yao yalikuwa yameajiri kampuni za kuchunguza utajiri wa wachangiaji wao bila wao kujua, na uchunguzi wa namna hiyo hutumika hata kukisia nani anaweza kuacha fungu kwenye wosia. Yaani mtu ametoa kidogo kwa moyo mweupe, nyuma ya pazia anapimwa nyumba yake na umri wake. Tangu hapo nikawa na swali la kwanza la kumuuliza yeyote wa kitengo cha uchangishaji: je, mnawachunguza wachangiaji wenu, na mnampa nani majina?

Kisha nikaenda kwa wakili nikiamini kwamba wosia ni siri. Akanirekebisha mapema. Wosia ni siri ukiwa hai. Ukishafariki na mahakama ikauthibitisha, katika nchi nyingi unakuwa kumbukumbu ya wazi. Uingereza, kwa mfano, mtu yeyote akilipa ada anapata nakala. Kwa hiyo nikiandika ndani yake "kwa mradi wa ugonjwa fulani, kwa kumbukumbu ya fulani", nitakuwa nimerudia kosa la kile kijitabu, safari hii kwenye faili la mahakama.

Tulichofanya ni kugawa. Sehemu kubwa ya ninachotaka kuwaachia tuliitoa kabisa nje ya wosia: kwenye bima yangu ya maisha nilijaza fomu ya wanufaika, nikaliandika shirika kuwa mmoja wao kwa asilimia niliyochagua, waliobaki ni wanangu. Malipo ya namna hiyo kwa kawaida huenda moja kwa moja kwa mnufaika bila kupitia mirathi, kwa hiyo hayaonekani kwenye wosia. Kwenye wosia wenyewe nikaacha sentensi moja isiyo na hadithi: jina kamili la shirika kama lilivyosajiliwa, namba ya usajili, na fungu kwa matumizi yake ya jumla. Wakili alisisitiza namba ya usajili, kwa sababu mashirika yenye majina yanayofanana ni mengi na warithi wamewahi kufikishana mahakamani juu ya lipi lilikusudiwa. Alinizuia pia kuandika kiasi maalumu cha fedha. Kiasi kinacholingana leo na mshahara wa muuguzi kwa mwaka, baada ya miaka 25 ya kupanda kwa bei huenda kisimlipe hata miezi michache. Asilimia ya mabaki ya mali, baada ya madeni na gharama za mazishi kulipwa, inakua au kupungua pamoja na mali yenyewe. Tukaongeza na kipengele cha nini kifanyike shirika likiungana na lingine au likifungwa. (Rafiki yangu Muislamu aliyefuata njia hiihii aliongeza jambo ambalo wakili wangu hakuwa na haja ya kunieleza: wosia wake kwa asiye mrithi usizidi theluthi moja ya mali, isipokuwa warithi wakiridhia.)

Nia yangu hasa, kwamba natamani fedha zisaidie wauguzi wa kutembelea nyumba usiku, niliiandika kwenye barua ya pembeni kwa mtekelezaji wa wosia. Barua hiyo haipelekwi mahakamani. Ndani yake nimeandika waziwazi: pasiwe na tangazo, kibao ukutani wala picha, na jina la mdogo wangu lisitajwe popote.

Kazi ngumu ilikuwa ya kuzungumza na shirika lenyewe. Mwanzoni nilitaka wasijue kabisa. Wakili ndiye aliyenigeuza: shirika lisilojua kwamba limeachiwa kitu haliwezi kukifuatilia. Fomu ya bima ikipotea, au mtekelezaji akichelewa, hakuna wa kuuliza. Pia kutojulikana kabisa ni kugumu kuliko watu wanavyodhani. Ukitaka nafuu ya kodi risiti lazima iwe na jina lako, na kwa mchango mkubwa shirika lina wajibu wa kujua fedha zimetoka wapi. Nikaona la maana si kufichwa kwa kila mtu. La maana ni kujua kwa hakika nani anajua.

Nikaonana na dada mmoja wa kitengo cha mafungu ya wosia. Alinipokea vizuri, akanipa fomu ya kueleza nia, na kadi ya kujiunga na kundi la watu walioahidi. Kadi nikairudisha. Kwenye fomu nilijaza aina ya fungu, nikaacha wazi nafasi ya thamani. Akaniomba nakala ya wosia; nikamwambia, "Hapana dada, hiyo itabaki kwa wakili." Hakuna sheria inayomlazimisha mtu aliye hai kuonyesha wosia wake, na ahadi hii naweza kuibadilisha muda wowote. Hakubishana.

Nilipomweleza yaliyotokea kwenye kijitabu alinyamaza, akaweka kalamu chini. Kisha akasema, "Mama, tuandikishane." Nilimpenda kwa neno hilo. Nikamsimulia habari ya mwandishi J. M. Barrie, ambaye mwaka 1929 aliipa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, haki za Peter Pan, hadithi yake maarufu ya watoto, akaomba kiasi kinachopatikana kisitangazwe kamwe. Amefariki tangu 1937 na hospitali bado inatunza ombi lake. Kama ofisi inaweza kutunza siri ya mtu maarufu kwa karibu miaka mia moja, yangu haiwashindi.

Tuliandikishana ukurasa mmoja. Jina langu likae kwenye faili moja linalofunguliwa na watu wawili, yeye na mkuu wa fedha. Kwenye mfumo wa kompyuta niingizwe kwa namba. Taarifa zangu zisipewe kampuni ya nje ya kuchapa, kupiga simu wala kuchunguza utajiri. Faili la mgonjwa na faili la mchangiaji yasiunganishwe kamwe. Hilo la mwisho nililipigania kuliko yote, na nikamwomba anionyeshe kwenye skrini mahali palipokuwa na ule uhusiano wa zamani, sehemu ya "kwa kumbukumbu ya". Akafuta mbele yangu. Nafasi ile ikabaki nyeupe.

Wanangu niliwaeleza jioni moja, wote watatu, kwa sababu fungu linalowashtua warithi siku ya msiba ndilo linaloishia kwenye kesi. Kiasi niliwatajia. Sababu waliijua. Binti yangu mkubwa ndiye mtekelezaji, na anajua bahasha yenye ile barua ya pembeni ilipo.

Nimejiwekea kuisoma upya mipango hii kila baada ya miaka mitatu. Mwaka jana, kabla ya zamu ya kusoma kufika, nilipigiwa na kijana nisiyemfahamu. Moyo ulinipasuka nilipoona namba ya shirika. Akasalimia, akasema dada wa awali amehamia kazi nyingine na yeye ndiye amekabidhiwa ufunguo. "Samahani mama," akasema, "nimeambiwa kwenye simu nisitaje jina. Naomba tu kuthibitisha kama naongea na mwenye faili namba 14." Nikamwambia ndiye mimi.