Ukurasa wa shukrani

Kadi yangu ilikataa kufungua mlango wa maktaba ya chuo kwa siku ya tatu mfululizo. Taa nyekundu, mlio mdogo, na nyuma yangu vijana wanasubiri kupita. Ulikuwa mwezi wa kumi hapa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, mvua ile nyembamba isiyonyesha wala isiyokatika. Nikatoka kwenye foleni nikapanda kilima hadi ofisi ya idara yetu. Vilima vya Sheffield havinisumbui. Mimi ni mtoto wa Kadutu, mtaa wa Bukavu mashariki mwa Kongo, nimepanda na kushuka Bukavu na kidumu cha maji tangu nina miaka minane. Kilichokuwa kizito siku ile ni maneno niliyoyapanga njiani: asanteni, nimeshindwa, naacha.

Ofisini alikuwepo karani mmoja, mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Aliniita mpenzi, ndivyo wanavyoitana watu wa mji huu, hata dereva wa basi. Aliniambia niketi, akanipa chai, akaniomba nimwandikie majina yangu yote kwenye karatasi, na chini ya kila jina nieleze ni nani aliyenipa.

Wa nyumbani mnajua: sisi Wakongo tuna jina, postinomu na prenomu. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo, yaani prenomu, wazazi wetu wakaongeza jina la babu au la jamaa badala yake, ndiyo postinomu. Baadaye prenomu zikarudi, na postinomu nazo hazikuondoka. Basi mtu anatembea na majina matatu, na mtoto halazimiki kubeba jina la baba yake. Bukavu hakuna anayeshangaa. Kompyuta za huku zinataka mawili tu, jina la kwanza na jina la familia. Kadi yangu ya muomba hifadhi ya ukimbizi ilikuwa na mpangilio wake, barua ya chuo mpangilio wake, barua ya ufadhili mpangilio wa tatu. Ndani ya mtambo wa chuo nilikuwa watu wawili: mmoja anahudhuria masomo na hajalipiwa ada, mwingine amelipiwa ada na hajawahi kuonekana darasani. Yule wa pili alikuwa ameshaandikiwa onyo la utoro.

Mwanafunzi mwingine angeliona hilo kama usumbufu wa wiki moja. Mimi nilikuwa bado nasubiri jibu la ombi langu la hifadhi. Mtu wa hali hiyo hapa Uingereza hapati mkopo wa serikali wa masomo, kwa kawaida hutozwa ada kubwa ya wanafunzi wa kigeni, haruhusiwi kufanya kazi isipokuwa kwa masharti magumu, na posho yake ya kujikimu ni kama pauni 50 kwa wiki, au pungufu. Mlango uliobaki ni ufadhili ambao vyuo kadhaa vimeuanzisha kwa ajili ya waomba hifadhi. Unahusiana na vuguvugu la kuwakaribisha wakimbizi, lililoanzia hapa hapa Sheffield mwaka 2005; miaka miwili baadaye mji huu ukawa wa kwanza nchini kuitwa Mji wa Hifadhi. Nilikuwa na diploma yangu ya Bukavu, nikakubali kuanza upya mwaka wa kwanza, nikapata nafasi hiyo. Kisha nikakaribia kuipoteza kwa sababu ya jina la babu.

Yule mama alikaa na karatasi yangu mchana mzima. Nilimsikia akipiga simu fedha, usajili, maktaba, mitihani, na kila alikopiga alianza upya habari ya babu yangu wa kule Walungu ambaye jina lake ndilo postinomu yangu. Alilitamka vibaya, akajirekebisha, akaendelea. Kwenye saa kumi na nusu jioni aliweka simu chini akaniambia, "Umeshakuwa mtu mmoja sasa." Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Aliandika ukurasa mmoja wa maelekezo ya kumsajili mwanafunzi mwenye majina kama yangu, akaubandika ukutani mbele ya meza yake, akautuma kwa makarani wenzake wa idara nyingine. Mwaka uliofuata alikuja msichana kutoka Uvira, huko huko kwetu Kongo. Kadi yake ilifungua mlango siku ya kwanza.

Uingereza ina sheria ya usawa ya mwaka 2010. Inataja sifa tisa ambazo mtu hapaswi kubaguliwa kwa ajili yake, zikiwemo umri, ulemavu, asili, dini na mimba, na inavitaka vyuo vimrekebishie mazingira mwanafunzi mwenye ulemavu: muda wa ziada kwenye mtihani, mtu wa kumwandikia, darasa la ghorofa ya chini. Ni sheria nzuri, nimeiona ikifanya kazi. Lakini haina kifungu cha postinomu. Pale inapoishia anabaki mtu aliyekaa dirishani, na uamuzi wake wa kunyanyua simu au kukuambia rudi kesho.

Mwezi wa tatu mwaka huu umoja wa wanafunzi ulitangaza tuzo za wafanyakazi. Vyuo vingi vya huku vinazo: wanafunzi wanapendekeza, jopo linasoma, na kabla ya likizo kuna sherehe. Ipo ya mwalimu bora, ipo ya msimamizi wa utafiti, na ipo iliyonivuta mimi, ya mfanyakazi aliyewafanya wanafunzi wa kila aina wajione wana nafasi yao chuoni. Fomu ina swali moja kubwa: alifanya nini?

Nazipenda tuzo hizi, ila naona zinawapita wengi. Mwenye darasa la watu mia tatu atapata mapendekezo mengi kuliko karani anayehudumia mmoja mmoja. Mfagiaji anayefungua jengo alfajiri, na kumwachia mwanafunzi asiye na hita nyumbani aketi ndani ajisomee, mara nyingi ameajiriwa na kampuni ya nje na jina lake halimo hata kwenye orodha ya kuchagua. Halafu yupo mhadhiri mweusi aliye peke yake katika idara. Kila mwanafunzi mweusi mwenye shida anagonga mlango wake. Nimekaa kwenye foleni hiyo mwenyewe, nikamwona anakula mkate wake wa mchana saa kumi. Masaa hayo hayaandikwi popote, na ikifika zamu ya kupandishwa cheo anaulizwa amechapisha makala ngapi. Mtu huyo asipewe cheti peke yake. Apunguziwe vipindi.

Niliandika habari za karani wangu kwa nusu saa, na nilipofika mwisho nikashindwa kubonyeza. Nilikuwa nimekumbuka valvu.

Kwa mliosoma Dar es Salaam au Nairobi, valvu ni ubao wa matangazo wa chuo, neno tulilorithi kwa Wabelgiji. Hapo ndipo hubandikwa matokeo baada ya delibe, kikao cha walimu cha kupitisha matokeo. Siku hiyo watu wanasukumana, huyu analia, yule anarushwa juu, mama mzazi amepiga magoti kwenye vumbi. Katika promosyo yetu, yaani darasa la mwaka wetu, alikuwemo kijana asiyeona. Alikuja kila siku kutoka Bagira, mdogo wake amemshika mkono, akinasa masomo kwa simu ya vitufe. Kwake siku ya valvu ilikuwa siku ya kuombaomba: tafadhali nisomee. Na anayekusomea anajua kote zako, yaani alama, kabla yako wewe, na wengine walizitangaza kwa sauti.

Aparitere wa fakilte yetu, yaani mhudumu wa kitivo, aliliona hilo. Ndiye aliyekuwa na funguo za oditware zote, kumbi za masomo, ndiye aliyepokea TP zetu, kazi za mazoezi, ndiye aliyejua nani bado hajalipa minervali, yaani ada, na nani ameacha kuja kwa sababu ya mimba. Najua kuna maaparitere wanaotaka matabishi, hongo ndogo, kwa kila karatasi. Wapo, na wametuumiza. Huyu hakuchukua kitu, na alikuwa na kila sababu ya kuchukua: kwa miaka mingi hakuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, alitegemea primu, posho iliyotoka kwenye minervali zetu. Tulipochelewa kulipa sisi, nyumbani kwake walichelewa kula.

Nilipokuwa mwaka wa pili, usiku wa kuamkia matokeo nilishindwa kulala, nikafika chuoni saa kumi na mbili asubuhi. Geti lilikuwa wazi kidogo. Mbele ya valvu walikuwa wawili tu, yule kijana na Papa Aparitere. Karatasi zilikuwa zimeshabandikwa, koti la Papa lina chaki begani. Alikuwa amekishika kidole cha kijana, anakishusha juu ya orodha polepole, jina baada ya jina, bila kusema neno, kana kwamba anamtembeza njiani. Mahali fulani akasimama. "Hapa njo jina yako," alisema. "Umepita, mutoto yangu." Kisha akamsomea kote zake, kozi moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu anayesali. Kijana hakuondoa kidole mpaka kozi ya mwisho. Mimi nilirudi nyuma ya ukuta ili wasinione.

Wakati ule hakukuwa na sheria ya kumsukuma. Tarehe 3 Mei 2022 Kongo ilipata sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, na mwezi wa saba mwaka huo huo ikaja ya haki za watu wa asili wa misituni, Batwa na Wambuti. Nafurahi zipo. Natamani mtu aende kuwasomea maaparitere, maana wao ndio watakaozitekeleza au kuziacha zilale kwenye kabati.

Usiku ule wa fomu nilifungua TFC yangu, andiko langu la kumaliza masomo, ninayo kwenye simu tangu nitoke Bukavu. Nikaenda kwenye ukurasa wa shukrani. Mungu Mwenyezi. Wazazi. Profesa aliyeniongoza, asista wake, dekani, rekta na vyeo vyake vyote. Mjomba wa Kinshasa. Hata mwenye sekretariati aliyenipigia chapa. Watu kumi na tisa. Papa Aparitere hayumo. Na nilipotaka kumwandikia, nikagundua kwamba sijui jina lake. Miaka mitatu nimemwita Papa Aparitere, mimi ambaye mgeni alipoteza mchana wake mzima kwa ajili ya majina yangu matatu. Nililia, sitaficha.

Nikatuma ile fomu ya hapa. Kisha nikamwandikia mdogo wangu aliyebaki Bukavu anitafutie jina kamili la Papa Aparitere. "Yaya," ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "ule muzee wa funguo?" Huyo huyo. Ilichukua wiki mbili. Tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025 na mabenki kufungwa, kila mtu Bukavu anahangaikia unga wa siku, na sikupenda kumtuma mtoto wa mama yangu kuzungukazunguka. Alizunguka hivyo hivyo. Alirudi na jina, postinomu na prenomu, na nyumba yenyewe, upande wa Panzi.

Barua yangu kwake ilikuwa ukurasa mmoja. Sikuweka sifa za jumla. Niliandika mambo matatu niliyomwona akiyafanya, na mwaka wa kila moja, na juu kabisa majina yake yote kwa mpangilio ule ambao mwenyewe angeyaandika.

Karani wangu hakushinda. Walimtumia maneno niliyoyaandika, na nilipopita ofisini nikakuta ameyabandika kando ya ule ukurasa wa majina, chini kidogo, karibu na birika la umeme.

Jumapili iliyopita mdogo wangu alifika Panzi. Papa Aparitere ameacha kazi, miguu imevimba, alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha plastiki. Alisomewa barua yote. Akaomba isomwe tena ile sehemu ya valvu. Akanyamaza kwa muda, mkewe akatoka ndani kuuliza kuna nini. Kisha akamuuliza mdogo wangu, "Na ule kijana, iko wapi siku hizi?"

Mdogo wangu hakujua, na mimi sijui. Nimewaandikia wenzangu wawili wa promosyo, mmoja yuko Lubumbashi, mwingine Kampala. Wa Kampala anasema alisikia yule kijana anafundisha huko Kamituga, akanipa namba. Nimepiga mara tatu. Inaita.