Hilux ya 1994: usukani uliolegea, tairodi na aidla amu

Kwa wasiolijua gari lenyewe: ni Toyota Hilux ya kebini moja, injini 2L ya dizeli, cc 2446, inayovuta kwa tairi za nyuma tu. Haina pawa stelingi. Kazi yake ni kushusha mbolea shambani na kurudi mjini Iringa na matenga ya nyanya kutoka Ilula. Mbele ina toshenibaa (chuma kirefu kinachojisokota badala ya springi), siyo springi za majani kama zile Hilux za kupanda milima, kwa hiyo mfumo wake wa usukani una viungio vingi: boksi ya stelingi upande wa dereva, pitmani amu inayotoka kwenye boksi, senta linki inayovuka katikati, aidla amu inayoishikilia senta linki upande wa abiria, halafu tairodi mbili kwenda kwenye magurudumu. Kila tairodi ni bomba lenye kiungio cha gololi kila upande: endi ya ndani na endi ya nje.

Ugonjwa ulianza taratibu. Usukani unauzungusha karibu upana wa kiganja ndipo tairi zishtuke. Lori likikupita kwenye barabara ya TANZAM, gari linataka kulifuata, na wewe kazi yako ni kurekebisha kushoto, kulia, kushoto. Tairi la mbele la kushoto likaanza kulika ukingo wa ndani. Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa tairi, ilifanyika, ikakaa muda mfupi, tairi likaendelea kulika vilevile. Kuteremka mlima wa Kitonga na mzigo katika hali hiyo sikuwa tayari.

Uchunguzi

Watu wengi wakisikia usukani una pleyi (unacheza bila tairi kushtuka) wanakimbilia boksi. Juu ya boksi kuna skrubu yenye nati ya kufungia. Unaikaza kidogo, pleyi inapungua, mwenye gari anatoa hela anaondoka anashukuru. Mimi utaratibu huo siupendi kabisa. Ukiikaza kupita kiasi usukani unakuwa mzito, ukikata kona haurudi wenyewe, na meno ya ndani ya boksi yanaliwa. Na kama ubovu uko kwenye viungio, bado upo palepale.

Nilimpandisha mpwa wangu kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, tairi zikiwa chini. Kazi yake ilikuwa kutikisa usukani kidogokidogo kushoto na kulia bila kuacha. Mimi nikalala chini na tochi. Kila kiungio nilikishika kwa kiganja, vidole viguse vyuma vyote viwili vinavyokutana. Jicho linadanganya, ila kiganja kinasikia: kama chuma kimoja kinatangulia na kingine kinachelewa, hapo pamekwisha.

Endi ya nje ya kushoto ilikuwa imekwisha kabisa, raba yake imechanika na ndani hakuna grisi, ni matope makavu. Ya kulia nayo ilianza. Za ndani zilikuwa na nafuu. Ila kilichonifumbua macho ni aidla. Nilishika senta linki karibu nayo nikaisukuma juu na kuivuta chini kwa mkono mtupu: ikapanda na kushuka karibu nusu sentimita.

"Mjomba, mbona usukani unacheza wenyewe huku?" akauliza kutoka juu, maana kila nikiivuta yeye anaona.

Aidla ikishuka, upande mmoja wa senta linki unashuka nayo, na pembe ya tairodi ya kushoto inabadilika. Kila shimo la barabarani linaelekeza tairi mahali pengine. Ndiyo maana alaimenti haikukaa. Mashine inapima gari likiwa limesimama, na likisimama aidla imetulia.

Baadaye nikalipandisha gari kwenye jeki, nikaliweka juu ya stendi. Tairi nililishika kulia na kushoto nikalitikisa: mchezo wa hapo ni wa tairodi. Nikalishika juu na chini: huo ni wa beringi au boljointi (kiungio cha gololi kinachoshika amu na gurudumu). Mpwa alipokanyaga breki mchezo wa juu na chini ukapungua sana lakini haukuisha. Beringi za habu nikazikaza siku hiyohiyo. Huo uliobaki nauelezea mwishoni.

Spea

Niliamua kubadili endi zote nne pamoja na aidla. Kuacha endi mbili zenye nafuu halafu kurudi chini ya gari baada ya miezi kadhaa ni kujitafutia kazi.

Duka moja la hapa mjini walinitolea boksi iliyoandikwa 555, jina la Kijapani ambalo kila fundi analijua, na kwa sababu hiyohiyo linaigizwa sana. Nikaitoa endi, nikaushika mpira wake, yaani gololi yenye msumari, siyo raba. Ukainama wenyewe kwa uzito wake. Endi mpya lazima iwe ngumu kuizungusha kwa vidole, tena ugumu uwe sawasawa pande zote bila kukwama. Nikairudisha, tukaagana vizuri. Nyingine niliagiza Kariakoo, mtu akazikagua akizipigia picha, zikaja na basi. Bei karibu mara mbili. Aidla ilikuja na nipo ya grisi (chuchu ya kupitishia grisi), kitu ambacho ya zamani haikuwa nacho.

Kufungua

Jioni ya kuamkia kazi nilisugua tredi zote kwa brashi ya waya, nikazimwagia mafuta ya kutu. Kabla ya kugusa nati yoyote nikapima kwa tepu kila tairodi, katikati ya mpira mmoja hadi katikati ya mwingine, nikaandika kwa chaki kwenye chesisi.

Kutoa endi kwenye nako (chuma kinachobeba gurudumu) hakuhitaji vurugu. Toa splitipini (pini inayozuia nati isilegee), legeza nati lakini iache imeshika tredi chache. Nyundo moja nzito ishikilie nyuma ya jicho la nako, na nyingine ipige upande wa pili wa jicho, siyo juu ya msumari wa endi. Kulia, mapigo machache, ikaruka. Kushoto iligoma hadi nikatumia puli, kifaa cha kuivuta itoke. Ile uma ya kupigilia sikuigusa, kwa sababu inachana raba, na raba za senta linki zilikuwa bado nzima.

Wakati mwingi uliliwa na mabomba ya tairodi. Klampu zilikuwa zimeoza, na ndani ya bomba kutu imeshikana na tredi. Kumbuka endi moja ina tredi za kawaida na nyingine za kushoto, ndipo ukizungusha bomba zote mbili zinatoka au kuingia pamoja. Usiposhtukia hilo utakuwa unakaza huku unaamini unafungua. Bomba la kushoto lilihitaji moto. Kabla ya kufunga nilipaka grisi tredi zote, ili atakayefungua tena, nadhani ni mimi, asiteseke.

Kufunga na kupima

Aidla ilitoka na kuingia bila shida. Nati za endi nilikaza kwa spana ya kipimo, splitipini mpya kote. Tundu lisipolingana, kaza mbele kidogo hadi lilingane, usirudishe nyuma.

Kisha katikati ya boksi. Nilizungusha usukani mwisho hadi mwisho nikihesabu mizunguko, nikarudi nusu yake. Hapo ndipo boksi inapobana zaidi, na gari linapokwenda moja kwa moja boksi lazima iwe hapo. Mtu akinyoosha usukani kwa kuung'oa na kuupachika upya, unaonekana umekaa sawa lakini boksi inafanya kazi pembeni ya sehemu yake ngumu, na pleyi inarudi. Kwa hiyo nilirekebisha kwa mabomba, pande zote mbili karibu sawa kwa urefu.

Kwa tairi, nililiinua kila moja, nikalizungusha huku nimeshikilia msumari kwenye kipande cha ubao hadi ukachora mstari kuzunguka uso wake. Nikashusha gari, nikalisukuma mbele likae, nikapima umbali kati ya mistari mbele na nyuma ya tairi. Nilipata mbele pungufu kidogo kuliko nyuma. Yatosha kulifikisha kwenye mashine ya alaimenti, na mashine ikasogeza kidogo tu.

Matokeo

Kitabu cha Toyota kinaruhusu pleyi isiyozidi milimita 30 kwenye ukingo wa usukani. Sasa napata kama 20. Skrubu ya boksi sijaigusa, na sina sababu ya kuigusa.

Nimekwenda Ilula na kurudi na mzigo, nikashuka Kitonga na kupanda. Lori likipita, gari linashtuka kidogo na kuendelea na njia yake. Usukani umekuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia; nadhani aidla kuukuu ilikuwa inajipinda na kubana.

Kilichobaki: boljointi ya chini kushoto, ule mchezo ambao breki haikuuondoa. Kwa kuwa toshenibaa itabidi ilegezwe, nitabadili na bushi za amu hapohapo. Boljointi nimeshaagiza, bushi bado natafuta za raba. Za plastiki ngumu sizitaki kwenye gari la kubebea nyanya.