Safari ya meli ya kitalii: cha kupanga mapema na cha kuacha kijipange

Ndugu na wafanyakazi wenzangu hapa Dar es Salaam hupenda kuniuliza maandalizi ya safari ya meli ya kitalii yaanze lini. Wengi wao wamesoma ushauri wa mtandaoni, na wamekuta mmoja akisema mwaka mzima kabla, mwingine akisema wiki tatu zinatosha na kwamba kadiri unavyochelewa ndivyo bei inavyoshuka. Wote wawili wanasema kweli, ila wanaandika kwa ajili ya msafiri ambaye pasipoti yake haihitaji viza na ambaye bandari iko saa chache kutoka nyumbani kwake. Kwa sisi tunaoanzia Afrika Mashariki, hesabu ni nyingine.

Kanuni ninayoifuata ni hii: jambo lisiloweza kurekebishwa baada ya meli kung'oa nanga lipewe miezi mingi ya maandalizi, na jambo linaloweza kurekebishwa ukiwa melini lisikunyime usingizi hata kidogo. Ukiyagawa mambo yote kwa kipimo hicho, utashangaa jinsi yanayobaki upande wa kwanza yalivyo machache, na jinsi yalivyo mazito.

Zito kuliko yote ni viza. Tuchukue safari ya kawaida kabisa ya Mediterania, ile ya wiki moja inayoanzia na kuishia Barcelona ikipitia Marseille, Genoa, Civitavecchia na Palermo, na tuseme meli inaondoka katikati ya Septemba. Sheria ya viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inaruhusu maombi kuwasilishwa miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15 tangu maombi kupokelewa, lakini ubalozi una haki ya kuongeza muda huo hadi siku 45. Kwa upande mwingine, kampuni nyingi za meli hudai salio la nauli takriban siku 90 kabla ya kuondoka, na kuanzia hapo anayeghairi hukatwa sehemu ya fedha zake, sehemu inayokua kwa hatua hadi siku za mwisho ambapo harudishiwi kitu. Weka tarehe hizo mbili kwenye kalenda moja: dirisha la viza linafunguliwa katikati ya Machi, na salio linadaiwa katikati ya Juni. Maana yake ni kwamba una miezi mitatu ya kuomba viza na kupata jibu kabla hujaifunga fedha yako yote kwenye safari ambayo huenda usiruhusiwe kuifanya. Anayewasilisha maombi Aprili, hata akisubirishwa siku zote 45, atakuwa na jibu kabla ya kulipa salio. Anayesubiri hadi Julai atakuwa amekwisha kulipa kila kitu, na atakuwa anagombania nafasi za miadi na wanafunzi pamoja na familia zinazokwenda kutembelea ndugu zao Ulaya wakati wa kiangazi.

Kutoka hapo unarudi nyuma. Ubalozi utataka kuona uthibitisho wa nafasi yako melini, kwa hiyo malipo ya awali yafanyike Januari au Februari, na kabla ya kuyalipa uliza kama yanarudishwa ukinyimwa viza, kwa sababu kampuni nyingi huuza nauli ya aina mbili, inayorudishwa na isiyorudishwa, na ya pili huonekana nafuu hadi siku unapoihitaji fedha yako. Pasipoti inapaswa kuwa imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iwe hai kwa angalau miezi mitatu baada ya siku unayotoka Schengen, ingawa kampuni nyingi za meli hushauri miezi sita. Kama yako inakaribia kuisha, shughuli ya kuibadilisha ianze Novemba au Desemba. Hivyo ndivyo ninavyofikia miezi tisa au kumi, na sioni namna ya kuipunguza bila kucheza bahati nasibu na akiba ya familia.

Kuna jambo moja ndani ya suala hili la viza ambalo mawakala wengi wa safari hawalielezi vizuri, nalo ni ubalozi upi uombwe. Watu hudhani kwa kuwa ndege inatua Barcelona basi maombi yaende Uhispania. Sheria inasema uombe kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana ndipo uombe kwa nchi utakayoingilia kwanza. Katika safari niliyoitaja, Genoa, Civitavecchia na Palermo zote ni Italia, kwa hiyo meli yenyewe inaegemea Italia. Lakini ukiamua kulala Barcelona siku mbili kabla ya kupanda na siku moja baada ya kushuka, mizani inahamia Uhispania. Kwa maneno mengine, uamuzi wa hoteli, ambao mtu angeuona mdogo na wa kuahirishwa, unabidi ufanywe kabla ya kujaza fomu. Ada nayo, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudishwi maombi yakikataliwa, na bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau euro 30,000.

Kisha tazama ramani ya safari bandari kwa bandari. Meli nyingi zinazozunguka visiwa vya Ugiriki hutia nanga pia Kusadasi, Uturuki, ili abiria waone magofu ya Efeso, na nyingine za Adriatiki huingia Kotor, Montenegro. Nchi hizo haziko Schengen. Ukitoka Schengen kwenda Kusadasi umetoka, na ukirudi Ugiriki siku inayofuata unaingia upya, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haikutoshi, hata kama wewe mwenyewe hukuteremka melini. Uturuki nayo ina masharti yake ya viza. Kampuni ya meli haitakuombea chochote katika haya. Itakagua karatasi zako gatini tu, na zikiwa na upungufu utabaki gatini huku nauli yako ikiwa imekwenda.

Kwa kulinganisha, kaka yangu anaishi Houston na ana green card. Bandari ya Galveston iko mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka kwake, na Mexico haimdai viza mkazi wa kudumu wa Marekani. Yeye anaweza kuona bei imeshuka Jumatatu, akapanda meli ya kwenda Cozumel wiki tatu baadaye. Anachohitaji kukumbuka ni kwamba msimu wa vimbunga wa Atlantiki unaanza Juni 1 hadi Novemba 30, na kwamba katika miezi hiyo nahodha anaweza kubadilisha bandari. Simwonei wivu, lakini ushauri wake wa kusubiri bei ishuke siufuati.

Jambo la pili lisilorekebishika ni kufika. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Barcelona, unaunganisha Doha, Istanbul, Addis Ababa au kwingineko, na kila kiungo ni mahali pa kuchelewa. Meli hufunga mapokezi takriban saa moja au zaidi kabla ya kuondoka, kwa sababu orodha ya abiria lazima ikabidhiwe kwa mamlaka za bandari, na baada ya hapo hakuna wa kumbembeleza. Kupanga kutua asubuhi ya siku ya kupanda meli ni jambo ambalo simshauri mtu yeyote. Fika jana yake, na kama unasafiri na mzee, fika siku mbili kabla. Mama mkwe wangu, ambaye tulisafiri naye, alihitaji siku nzima ya kupumzisha miguu iliyovimba kwa kukaa ndegeni, na siku hiyo ilikuwa na thamani kuliko matembezi yoyote tuliyoyalipia baadaye.

Hapohapo kwenye kufika kuna suala la mizigo. Begi kubwa unalikabidhi kwa wapagazi gatini na huenda usilione hadi jioni, likiletwa mlangoni pa chumba chako. Dawa, pasipoti, miwani na nguo ya kubadilisha vikae kwenye begi la mkononi.

Afya inahitaji mapema yake. Kampuni nyingi hazimpandishi mama mjamzito ambaye wakati wowote wa safari atakuwa ameingia wiki ya 24 ya ujauzito, na mtoto mchanga lazima awe amefikisha miezi sita, kumi na miwili kwa baadhi ya safari ndefu. Wanandoa wanaolipia nafasi mwaka mmoja kabla wanapaswa kulitafakari hilo kwa uwazi baina yao. Mwenye kisukari au shinikizo la damu achukue dawa za siku kadhaa zaidi ya safari, kwa kuwa zahanati ya melini hutoza bei kubwa. Vyakula vya mahitaji maalumu huombwa wiki kadhaa kabla, na Mwislamu anayetaka nyama ya halali aiandikie kampuni aulize kwa maandishi, maana meli hutofautiana sana katika hili. Chumba si cha kukiumizia kichwa: anayelevywa na bahari achukue cha katikati ya meli katika sitaha za chini, ambako mtikisiko ni mdogo, na wengine wachague kwa mfuko wao.

Sasa bandari zenyewe. Hapa ndipo watu wanapopanga kupita kiasi, na kwa kawaida wanapanga wasichokihitaji. Kwanza jua kwamba jina la mji kwenye tangazo na mahali meli inapofunga kamba ni vitu viwili. Penye neno Roma meli inafunga Civitavecchia, na kutoka hapo ni zaidi ya saa moja kwa treni ya kawaida, ukiacha basi la kukutoa bandarini hadi stesheni. Florence ni Livorno. Venice imezuia meli kubwa kupita katikati ya mji tangu Agosti 2021, na safari nyingi zinazoitwa za Venice huanzia Marghera, Ravenna au Trieste. Ukilijua hilo mapema utaacha kuahidi familia kwamba mtaona Jumba la Colosseum, Makumbusho ya Vatikani na chemchemi zote za Roma kwa saa nane.

Mahali panapostahili tiketi ya mapema ni pale penye kikomo cha watu. Sagrada Família ya Barcelona huingiwa kwa saa iliyopangwa. Colosseum hali kadhalika, na tiketi zake huwa na majina ya wageni. Pompeii, tangu Novemba 2024, haipokei zaidi ya watu 20,000 kwa siku. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili nyingi, kwa hiyo angalia meli inafika siku gani kabla ya kujenga matumaini. Kwingine, Palermo kwa mfano, mji uko hatua chache kutoka gatini, na kutembea kwa miguu bila kiongozi kunatosha.

Unapoamua kati ya matembezi yaliyoandaliwa na meli na yale unayojipangia, pima umbali. Yale ya meli ni ghali, lakini basi lao likichelewa meli huwasubiri au kampuni hugharimia kuwafikisha bandari inayofuata. Anayejipangia hana dhamana hiyo. Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn iliondoka kisiwani São Tomé ikawaacha abiria 8 waliokuwa wamechelewa kutoka kwenye matembezi ya binafsi, na ikawabidi kupita nchi kadhaa kuifukuzia hadi Dakar. Kwa Civitavecchia na Livorno, kulikokuwa mbali, sisi tulilipia matembezi ya meli, na kwingine tukajitegemea. Saa ya mkononi ibaki kwenye saa ya meli, ambayo wakati mwingine si ile ya nchi kavu.

Fedha ya matumizi ipangwe kwa ukweli. Kampuni nyingi za Kimarekani huongeza bakshishi ya dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku, mtandao hulipiwa kando, na vinywaji vingi pia. Vitu hivi kwa kawaida ni nafuu ukivinunua kabla ya kupanda, kwa hiyo viingize kwenye hesabu pale unapoamua kama safari unaimudu.

Baada ya hapo, niamini, acha. Maonyesho ya jioni, bwawa lipi, mkahawa upi, michezo ya watoto, yote haya utayapata kwenye ratiba ya kila siku melini, na mengi hayahitaji nafasi ya mapema isipokuwa mikahawa ya kulipia na maonyesho makubwa kwenye meli zenye watu wengi. Niliona familia zilizokuja na ratiba ya saa kwa saa, mama akiwaburuta watoto kutoka jambo moja kwenda jingine, na niliwahurumia kwa dhati, kwa sababu walikuwa wamelipa fedha nyingi ili wachoke. Siku ya baharini, ambayo meli haishiki bandari yoyote, iache tupu kabisa. Mama mkwe wangu aliitumia kukaa sitahani na kuzungumza na bibi mmoja wa Kisicilia kwa ishara na vicheko, na hadi leo ndiyo siku anayoisimulia zaidi.

Kwa asiye na subira ya miezi kumi, au anayetaka kujua kama bahari inampenda kabla ya kulipia ada za viza, iko njia nyepesi zaidi: kuanzia Durban, Afrika Kusini. Kwa misimu ya karibuni meli za MSC zimekuwa zikitoka hapo kati ya Novemba na mwanzo wa mwaka unaofuata, kwa safari za siku tatu au nne kwenda Pomene na Kisiwa cha Wareno huko Msumbiji. Watanzania na Wakenya hawahitaji viza ya Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90. Hakikisha masharti ya Msumbiji kwa pasipoti yako, na kwa anayetoka Kenya beba cheti cha homa ya manjano, ambacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo. Kwa safari hiyo miezi miwili au mitatu ya maandalizi inatosha, mradi isiangukie Krismasi, wakati ambapo Waafrika Kusini wenyewe huwa wamekwisha kuijaza meli.