Alizeti mbele ya mlango wa jikoni

Mwanangu wa mwisho ana miaka mitano. Mvua za vuli zilipoanza hapa Tanga nilimpa mbegu sita za alizeti. Asumini ninayoipenda mimi ingemchosha kuingoja. Mbegu ya alizeti ni kubwa, vidole vidogo vinaishika vizuri, na huota ndani ya siku 7 hadi 10.

Tulitoboa ndoo kuukuu matundu chini, tukajaza udongo na samadi ya mbuzi. Kila shimo alilipima kwa kidole chake, kama sentimita 3. Siku ya nne nikamkuta anafukua.

“Mama, nataka kuona kama imelala.”

Sikumgombeza. Tuliitazama pamoja: ganda limepasuka, mzizi mweupe unachungulia. Akairudisha polepole, akaifunika kwa udongo vile ninavyomfunika yeye shuka usiku. Moyo wangu ulijaa.

Mche wa kwanza ulitoka na ganda lake kichwani kama kofia. Alitaka kulivua, nikamsihi aache, maana majani machanga hukatika upesi. Kesho yake likaanguka lenyewe.

Kumwagilia ni kazi yake, asubuhi kabla ya chai. Miche minne sasa inamfika magotini, na kila jioni anakwenda kuangalia vilele vimeelekea wapi, kwa kuwa alizeti changa hulifuata jua toka mashariki hadi magharibi. Miwili ililiwa na kuku. Alilia sana. Nikampa mbegu mbili nyingine, naye akaenda kutafuta matawi ya miiba ya kuzungushia ndoo.