Neno la wifi

"Wifi, mti huu tasa. Ung'oe, upande unaozaa."

Hakusema kwa ubaya, najua. Aliinama pale kivulini nyuma ya ukuta, akapekua majani ya skimia yangu, kichaka cha maua na matunda mekundu, akitafuta tunda, hakuliona, akalisema. Nami nikajibu, "Haya, wifi," nikakusanya vikombe nikaingia ndani. Kwa nini nilisema haya? Wiki nzima ilikuwa ya posa ya mdogo wangu na ofisi yetu kuhamia ghorofa ya tatu, lakini nikiosha vyombo nasikia tasa, nikizima taa nasikia tasa. Mnaonisoma tangu mwanzo mnajua neno hilo nimeambiwa mara ngapi, na halikuhusu mti.

Huu ni mwaka wa tatu naulea. Mnakumbuka nilivyoupanda juani, majani yakapauka yakawa manjano, nikauhamishia kivulini. Nikaupa mboji ya majani makavu, nikaangalia udongo usikauke wala usituamishe maji. Ukarudia rangi yake, kijani cha mwaka mzima. Bado haujafika magotini kwangu. Skimia hukua taratibu, na hata ikikomaa mara nyingi haizidi mita 1.5.

Leo asubuhi nimekuta umechanua. Harufu ilinipokea kabla sijaufikia. Nikapiga magoti nikachunguza ua moja baada ya jingine, maua madogo meupe. Katikati hamna kile kifuko cha kijani kinachotunga tunda. Kuna vinyuzi vilivyobeba chavua ya njano, ikanibakia vidoleni kama unga.

Ni dume! Skimia ya Japani kwa kawaida huwa na mimea ya kike peke yake na ya kiume peke yake, na yale matunda mekundu hubebwa na jike lililopata chavua ya dume. Tangu lini dume likadaiwa tunda? Mti wangu mzima kabisa. Nimecheka kwa sauti hadi mume wangu akachungulia dirishani, naye akaja kunusa. Tutatafuta jike, tulipande hatua mbili kutoka hapo, kivulini vilevile.

Nilimwandikia wifi ujumbe, nikaufuta. Akija nitamshika mkono nimwonyeshe mwenyewe, na safari hii sitasema haya.

Jambo jingine: mama hapokei simu tangu jana jioni. Nimejaribu na ya jirani yake, haipatikani.